Gunia la Uzi Mwekundu

Pareto niliijua kwa mgongo kabla sijaijua kwa jembe. Nilikuwa kijana wa kupakua magunia kwenye kiwanda kimoja pale Nakuru mjini. Nililala Kaptembwo, chumba kimoja watu watano, na kila asubuhi nilitembea kwa mguu mpaka getini kwa sababu nauli ndiyo ilikuwa chakula cha mchana. Shule niliacha darasa la tatu. Sisemi hivyo nihurumiwe. Wako niliosoma nao wakamaliza madarasa yote, na mpaka leo hawana hata mti mmoja waliopanda kwa mkono wao.

Kwa yule asiyejua, pareto ni ua dogo jeupe lenye moyo wa manjano, na ndani ya huo moyo kuna dawa ya kuua wadudu. Linachumwa, linakaushwa, linasagwa. Ukipaka unga wake mkononi hakuna kitu kitakupata. Lakini nzi, kiroboto na mbu hawana mchezo nalo.

Pale kiwandani kulikuwa na mzee wa kukagua mizigo. Hakuwa na mashine yoyote. Alikuwa anafungua gunia, anazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, anakamata maua ndani kule na kuyafinya, kisha anainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango. Yakilia kama majani makavu ya mahindi, anasema, "Pita." Yakinyamaza, anasema, "Rudi nyumbani." Hakuna aliyebishana naye. Nilimtazama miaka mingi nikiwa na gunia begani, na nikajifunza kazi yake bila yeye kujua ananifundisha. Mpaka leo masikio yangu ya pareto yako mkononi.

Nilijinyima, nikanunua kipande cha shamba huku juu Keringet, kwenye baridi na ukungu, mahali ambapo pareto inapenda. Nilichimba shimo la choo mwenyewe, nikaezeka nyumba mwenyewe, nikapanda pareto mwenyewe. Ikanilelea watoto. Halafu soko likalala. Watu wakang'oa maua wakaweka viazi, na mimi nikang'oa. Nilikaa miaka nikichimba viazi kama kila mtu, lakini moyo wangu ulibaki kwenye lile ua.

Miaka michache iliyopita soko likaamka. Ikaja kampuni, ikasema inataka pareto ya Keringet, lakini tuwe kikundi na tuwe na kituo kimoja cha kukusanyia, ili lori lisizunguke kila boma. Tulikutana nje ya kanisa. Walipouliza nani atakuwa mwenyekiti, sikungoja kutajwa. Nilisimama.

"Mimi hii kitu nimeibeba mpaka bega likaota sugu," niliwaambia. "Ninyi mpande, mimi nitawaonyesha ya kufanya."

Na nikawaonyesha. Nilisema liache ua lifunguke lote, lijaze mkono. Nikasema lichume na kikonyo kidogo lisivunjike. Na la muhimu kuliko yote, lianike juu ya mabati. Panda ngazi asubuhi, tandaza, na ikifika saa ya chakula maua yanalia kama sarafu. Huo mlio ndio niliowafundisha. Nilipita nyumba kwa nyumba nikizamisha mkono kwenye magunia yao na kusema, "Pita," kwa sauti ya yule mzee. Sitadanganya, nilifurahia sana.

Kuna jirani yangu, mama mjane, ambaye shamba lake linapakana na langu kwenye mti wa mwerezi. Siku ile ya kanisani aliinua mkono.

"Mwenyekiti, waru ndiyo inanilisha. Nikiitoa yote, halafu hii maua ikataliwe, nitakula nini?"

"Utakula kwangu," nilimjibu mbele ya watu wote.

Wakapiga makofi. Yule mama akaenda akang'oa waru, viazi vyake vyote, akaweka pareto mpaka mlangoni. Neno langu ndilo lililong'oa vile viazi, si jembe lake.

Tulivuna. Kila mtu akashona mdomo wa gunia lake kwa uzi wa rangi yake ili magunia yasichanganyike. Wangu ulikuwa wa bluu. Rangi za wengine zilikuwa kwenye daftari la mwandishi wa kikundi, na mimi mambo ya daftari huwaachia wenye macho ya daftari. Lori likaja, likapakia, likaenda.

Baada ya wiki moja likarudi limejaa vile vile. Dereva alikuwa kijana mwenye kofia ya sufu. Akatoa kichwa dirishani.

"Mzee, niaje. Mzigo yenu wamekataa."

"Wamekataa nini?"

"Yote, boss. Mimi ni dere tu, usinikasirikie. Wanasema haina nguvu."

Nilizamisha mkono kwenye gunia langu pale pale juu ya lori. Likalia. Nikamwambia dereva awaambie wakubwa wake wakasafishe masikio.

Tukapeleka mzigo wa pili, uliokauka kuliko wa kwanza. Safari hii lori lilirudi na msichana wa kampuni, afisa wa shambani, aliyevaa gambuti za mpira na kubeba simu kubwa kama kitabu cha nyimbo. Walikuwa wamepima kila gunia peke yake. Tukakusanyika kituoni, na kituo chenyewe ni banda la mbao tu kando ya barabara. Akaanza na adabu zake.

"Shikamooni wazee wangu. Haya maua yamekauka vizuri sana. Shida ni kwamba yamekauka mpaka dawa ikatoka."

"Ikatoka ikaenda wapi?" nikamuuliza. "Dawa ina miguu?"

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka kidogo, jambo ambalo sikulipenda.

"Jua kali linaiua, mzee. Na bati likishika moto linaipika. Halafu mnachuma maua yaliyozeeka. Dawa iko nyingi ua likiwa limefunguka nusu ya moyo. Na vikonyo havina kitu, ni kuni tu."

"Wewe una miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Mimi nimebeba magunia mengi kuliko siku ulizoishi."

"Naamini, mzee. Lakini mashine haiulizi umri."

Hapo hakuna aliyecheka. Akatueleza bila kuzungusha maneno kwamba kampuni inatupa nafasi moja tu ya mwisho. Mzigo wa tatu ukishindwa, lori litakuwa linakata kona kule chini kwenye barabara kubwa, na huku kwetu halitapanda tena. Nilimtazama yule jirani yangu mjane. Alikuwa ameshika shuka yake kifuani kwa mikono miwili na haniangalii mimi, anaangalia lori.

"Na ninyi mnaweza," afisa akasema. "Kwa sababu gunia moja limepita, na limepita vizuri sana. Lile lenye uzi mwekundu."

Nikajaza kifua. Nikauliza, "La nani hilo? Ajitokeze, tumpongeze."

Mwandishi akakohoa akafunga daftari. Mmoja akainama kufunga kamba ya kiatu, na kiatu chenyewe kilikuwa gambuti. Nikaelewa kwamba kila mtu pale anajua mwenye uzi mwekundu isipokuwa mwenyekiti.

Nilifika nyumbani nikamkuta mke wangu anamenya viazi.

"Uzi mwekundu ni wa nani?"

"Uzi ni uzi."

"Mama watoto."

"Si unauliza kitu ambacho hata kuku wa hapa wanajua." Akatupa kiazi kwenye sufuria. "Ni wa mke wa mtoto wako."

Mwanangu wa kwanza ameajiriwa Ndabibi kwenye shamba la mboga, na mke wake anabaki hapa kwenye kishamba nilichowakatia, nyumba yao iko nyuma ya zizi langu. Nilikuwa nadhani maua yao yanakuja ndani ya magunia yangu. Kumbe alijiandikisha mwenyewe, akanunua uzi wake mwenyewe.

"Kwa nini hakuniambia nakosea?"

"Akuambie na mdomo gani?"

Hapo lazima nieleze. Kwetu sisi, baba mkwe na mke wa mwana wanaheshimiana kwa umbali. Hatuli meza moja, hatupeani mkono, na yeye hawezi kunitazama machoni akanikosoa. Akifanya hivyo, aibu si yake peke yake, ni ya nyumba nzima. Akiwa na neno kwangu, linapita kwa mama mkwe.

"Basi angekutuma wewe."

"Alinituma."

"Lini?"

"Siku ile nilikuambia maua yanataka kivuli. Ukaniambia nikapike."

Nikakumbuka. Nilimwambia hivyo kweli, na nilikuwa juu ya ngazi nilipomwambia. Akanieleza mengine. Yule afisa alikuwa amefanya mafunzo kwenye uwanja wa kanisa mara mbili kabla hatujavuna. Mimi sikwenda, kwa sababu nani angenifundisha mimi pareto, na wengi wakaniiga. Mke wa mwanangu alikwenda, akasimama nyuma, akasikia yote. Akarudi akatengeneza vitanda vya wavu ndani ya ghala kuukuu, akafungua madirisha upepo upite, akakausha zake pale taratibu, siku baada ya siku, huku mimi nikipanda na kushuka ngazi juu ya kichwa chake.

Siku mbili nilizunguka shambani peke yangu. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Mashine niliiona kama uongo wa watu wa mjini. Lakini gunia lake lilikuwa limepita.

Siku ya tatu asubuhi, nikiwa nakamua, nzi walinizunguka uso kama kawaida, na wazo likanijia. Pareto si ya kulia. Pareto ni ya kuua. Yule mzee wa kiwandani alikuwa anasikiliza ukavu tu. Nguvu hakuwahi kuisikia, na sijui ni nani aliyekuwa akiipima nyuma ya ukuta ule. Mimi nilikuwa upande wa magunia maisha yangu yote.

Nikamwita mke wangu. "Nenda kaniletee konzi moja ya maua ya uzi mwekundu."

Alirudi nayo kwenye bakuli, midomo ameikaza asicheke. Nikachukua konzi nyingine kwenye gunia langu. Nikasaga kila moja peke yake juu ya jiwe. Nikatafuta chupa mbili za jemu. Halafu nikaanza kukamata nzi zizini kwa mikono.

"Sasa umekuwa mganga," mke wangu akasema.

"Nyamaza, wanakusikia."

Nikaweka nzi sita chupa hii na sita chupa ile. Huku nikanyunyiza unga wangu, kule unga wake. Nikafunga vifuniko vyenye matundu, nikakaa kwenye kigoda changu cha kukamulia, chupa ziko mbele yangu juu ya ndoo iliyofudikizwa.

Chupa ya uzi mwekundu haikuchukua muda. Chai yangu ilikuwa bado moto. Nzi wa kwanza akaanza kuzunguka kama mlevi, akaanguka chali, miguu juu. Wa pili, wa tatu. Mpaka namaliza kikombe, wote sita walikuwa chini.

Kwenye chupa yangu mmoja alikuwa anayumba kidogo. Mwingine alitembea juu ya unga wangu, unga wa maua niliyochuma kwa mkono wangu, niliyopandisha ngazi, yaliyolia kama sarafu. Akafika katikati. Akasimama. Akasugua mikono yake ya mbele kama mtu anayenawa kabla ya kula.

Mashine unaweza kuibishia. Msichana wa miaka ishirini na sita unaweza kumuuliza umri. Nzi utamwambia nini?

Nilikaa pale mpaka ng'ombe akaanza kuniramba mgongo.

Niliitisha mkutano siku hiyo hiyo, alasiri. Nilikwenda na chupa zangu mbili, moja kila mkono. Jamaa mmoja mwenye mdomo, anayefuga nyuki kule juu, akapaza sauti, "Mwenyekiti amehamia ufugaji wa nzi!"

"Ndiyo," nikasema. "Na hawa wa kwangu wamenawiri. Njooni muone."

Nikapitisha chupa mkono kwa mkono. Walicheka, halafu wakaacha kucheka. Nikasema neno ambalo sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kulisema hadharani.

"Nilikosea. Si kampuni, si dereva, si ninyi. Ni mimi. Niliwafundisha kukausha, sikuwafundisha kulinda dawa, kwa sababu sikujua. Mwenye uzi mwekundu alijua, na alinitumia neno, nikalifukuza."

Jirani yangu mjane akainuka. "Kwa hivyo sasa nakula kwako?"

Watu wakacheka, lakini yeye hakuwa anafanya mzaha, na mimi nilijua.

"Bado, mama. Sufuria iko, neno langu liko. Lakini kwanza tushuke kwenye mabati."

Basi ikawa kazi ya kufundishwa. Na hapo palikuwa na shida, kwa sababu mwalimu alikuwa mke wa mwanangu na mwanafunzi mkubwa nilikuwa mimi. Tulisimama ghalani, yeye upande ule wa kitanda cha wavu akitazama ukuta, mimi upande huu nikitazama mlango, na mke wangu katikati kama karani wa mahakama.

"Mama," yule binti anasema, "mwambie baba atandaze nyembamba. Yasilaliane."

"Tandaza nyembamba," mke wangu ananiambia, na mimi nimesikia vizuri, niko hatua tatu.

"Muulize yanageuzwa mara ngapi kwa siku."

"Anauliza yanageuzwa mara ngapi."

"Mwambie mara nyingi, mpaka mkono uchoke. Na asiyafinye kusikiliza. Anayavunja."

Mke wangu hakupitisha hilo. Alilazimika kutoka nje, na nilimsikia akicheka nyuma ya zizi. Tukabaki sisi wawili na ukuta na mlango mpaka alipomaliza.

Nilijifunza. Nilijifunza kuchuma ua likiwa bado changa kidogo, wakati safu chache tu za moyo zimefunguka. Vidole vyangu vilikataa, vimezoea ua kubwa. Nilijifunza kunyofoa kichwa peke yake bila kikonyo. Watu walitengeneza vitanda kwa nyavu kuukuu za kuku na magunia yaliyofumuliwa. Yule mwenye nyuki alitoa mbao zake za mizinga. Kila nyumba ikatafuta kivuli chenye upepo: stoo, veranda, chini ya paa la zizi. Mabati ya Keringet yakabaki matupu. Nilikuwa nikipita barabarani nayatazama, yanang'aa bure, na nasikia kama nimeacha kuvuta sigara.

Halafu ukungu ukaja. Keringet ukungu hauombi ruhusa. Siku tano hatukuona kilima cha ng'ambo. Maua kwenye vitanda yakawa yanakataa kukauka, yamelegea kama majani ya chai. Siku ya sita jua lilitoka ghafla saa nne asubuhi, kali, safi, na nikajikuta niko chini ya ngazi na karai mkononi. Mguu mmoja ulikuwa tayari juu. Nikaangalia nyuma. Mke wa mwanangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa ghala, ananitazama, halafu akakumbuka heshima akatazama chini. Nikashusha mguu. Nilijifanya naitikisa ngazi kuona kama imeoza.

Siku hiyo hiyo nilipita kwa jirani yangu mjane. Kwake hakukuwa na nafasi. Alikuwa ameogopa ukungu, akayarundika maua kwenye kona ya jikoni na kuyafunika na karatasi ya plastiki. Nilizamisha mkono. Sikusikiliza mlio safari hii. Nilisikia joto, kama chini ya kuku anayeatamia. Yalikuwa yameanza kuoza kutoka ndani.

"Mama, hizi zinakufa."

"Niziweke wapi? Kitandani nilale nje?"

"Lete kwangu."

Tulibeba. Tukatupa ya katikati yaliyokuwa yamebadilika rangi, na mengine tukayatandaza sebuleni kwangu, kwenye nyavu juu ya viti, juu ya meza, juu ya ile kabati ya vyombo vya wageni. Madirisha wazi mchana kutwa. Mchungaji alipokuja kututembelea hakupata pa kukaa. Tulimkaribisha kwenye kigoda cha kukamulia, akaomba akiwa amekunja magoti mpaka kidevuni, na akakiri mwenyewe kwamba hajawahi kuingia nyumba isiyo na nzi hata mmoja kama ile. Yule mama alikuwa anakuja kila baada ya saa chache kugeuza maua yake ndani ya nyumba yangu. Siku ya tatu alianza kupita bila kubisha hodi. Siku ya nne alinikosoa namna ninavyofungua dirisha.

Kulikuwa na jambo moja limebaki, na hili nalieleza kwa sababu nilisema sitadanganya. Nilikuwa na nusu gunia ya maua ya bati, yale ya zamani. Na nilikuwa na karibu nusu gunia ya mapya ya kivuli. Ukiweka ya zamani chini na mapya juu, linakuwa gunia zima, limeshonwa uzi wa bluu, gunia la mwenyekiti. Tangu kitambo tulikuwa tukifanya hivyo, kila mtu. Tulikuwa tukiita kuvisha gunia kofia. Nililishika lile gunia la zamani, nikalisimamisha karibu na lile jipya. Nikakaa nayo pale muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema. Kisha nikabeba la zamani mpaka kwenye banda la kuku, nikalimwaga lote chini kwa ajili ya viroboto. Nguvu kidogo iliyobaki iwafae kuku.

Siku ya lori kila mtu alileta gunia zima. Mwenyekiti alileta nusu, limekunjwa mdomo, limeshonwa na uzi wa bluu.

"Mzee, leo umepunguza chakula?" dereva akaniuliza.

"Pakia, kijana."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Nilikwenda kanisani katikati ya wiki bila sababu. Jirani yangu mjane alianza kutengeneza upya matuta ya viazi kwenye ukingo wa shamba lake. Kila nikisikia gari linapanda mlima nilikuwa nasimama.

Jibu halikuja na gari. Lilikuja kwa simu ya mke wa mwanangu, kwa sababu afisa alikuwa na namba yake, si yangu. Nilimwona anatoka nyumbani kwake ameishika simu kwa mikono miwili. Akapita zizi, akafika hatua tano kutoka niliposimama, akasimama. Mama mkwe wake hakuwepo, alikuwa ameenda mtoni. Yule binti akatazama kulia, akatazama kushoto, hakuona mtu wa kupitisha neno. Akamgeukia ng'ombe.

"Mwambie baba," akamwambia ng'ombe, "mzigo umepita. Wote. Wanasema lori litakuwa linapanda kila mwezi. Na wanasema bado kuna vikonyo."

Nilimtazama yule ng'ombe. Akawa anatafuna tu.

"Mwambie asante," nikamwambia ng'ombe. "Mwambie amefanya kazi ya mtu mzima."

Nikatoka pale nikaruka uzio kwa jirani yangu, na magoti yangu hayaruki siku hizi. Nilimkuta kwenye lile tuta. Nilipomwambia, alikaa chini kwenye udongo, akaufunika uso na leso, kisha akasema, "Basi hizi waru nitakula na pareto."

"Kula hata na kuku wangu," nikamwambia. "Hawana viroboto tena."

Kwenye mkutano uliofuata nilisema kikundi kinahitaji mkaguzi wa maua, mtu wa kufungua kila gunia kabla lori halijaja, bila kujali ni la nani. Nikasema mkaguzi awe mwenye uzi mwekundu. Walipiga makofi. Yeye alikuwa nyuma kabisa, na mke wangu ndiye aliyeitikia kwa niaba yake.

Mzigo wa nne tulipouandaa, aliweka meza ndogo kituoni. Gunia la kwanza kwenye mstari lilikuwa langu, safari hii limejaa. Nililiweka chini nikarudi nyuma hatua zangu tano, nikatazama barabara. Yeye hafinyi wala hasikilizi. Anamwaga konzi kwenye karatasi nyeupe, anatenganisha kwa kidole, anatazama. Nilimsikia anatazama. Alichukua muda.

Halafu akaokota kitu, akakiweka ukingoni mwa meza, upande wangu, bila neno. Kilikuwa kikonyo kimoja, kirefu kama njiti ya kiberiti.

Watu wote kwenye mstari wakakiona. Yule mwenye nyuki akavuta gunia lake karibu na miguu yake.

Nikasogea, nikakiokota, nikakitia mfukoni. Nikalibeba gunia langu mpaka kivulini, nikafumua uzi wa bluu, nikalimwaga lote juu ya turubai, nikapiga magoti, nikaanza kuchambua ua moja moja. Kuna mtu nyuma yangu alicheka, na baada ya muda nikasikia mwingine anafumua uzi wa gunia lake.